Njiwa wa Darini

Machi mwaka jana daktari alimpa mamangu masharti matatu. Asile mboga mbichi. Asikae penye msongamano wa watu. Na asikae karibu na njiwa.

Masharti mawili ya kwanza tulikuwa tumeyatarajia. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutiwa dawa za saratani, zile ambazo kila mtu siku hizi anaziita kemo, na tulikuwa tushaambiwa kwamba dawa hizo zikipigana na ugonjwa huangusha na kinga ya mwili. Sharti la tatu ndilo lililotufanya tutazamane. Tunaishi Tudor, Mombasa, gorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani, na juu ya jiko letu, kati ya dari na mabati, kulikuwa na njiwa. Walikuwepo kabla yetu. Tulikuwa tumewazoea kama unavyomzoea jirani anayeburuta viti kila usiku.

Kwenye tuktuk, tukirudi nyumbani, mama alinyamaza kwa muda mrefu.

"Ana makinda," akasema.

"Nani?"

"Njiwa. Ana makinda wawili. Nawasikia alfajiri nikiamka kuswali."

Bawabu wa jengo hakuona kwamba kuna jambo la kufikiria hapo. "Nipe mia tano," aliniambia, "niwachanganyie mtama na dawa ya panya. Kesho kutwa hawapo. Hao ni panya tu, bwana, ila wamepewa mabawa." Neno hilo hakulibuni yeye. Huko New York lilishaanza kusemwa miaka ya 60, na Woody Allen akalitia katika filamu yake Stardust Memories mwaka 1980. Bawabu wetu sidhani kama ameiona filamu hiyo. Matusi ya aina hii husafiri yenyewe, hayangoji nauli.

Noti ya mia tano nilikuwa nayo mfukoni. Sikumpa siku ile, na nikisema ni kwa sababu niliwahurumia njiwa nitakuwa najisifu bure. Nilichokumbuka ni kikombe.

Ndugu yake mama, mjomba wangu, alikuwa mfuga njiwa. Aliishi Mji wa Kale, na juu ya paa la nyumba yao alikuwa na kizimba alichokiunga kwa mbao za makasha ya matunda, ndani mna njiwa manga wapatao ishirini. Yeye ndiye aliyenifundisha kumshika njiwa: miguu yake inapita katikati ya vidole vyako, kidole gumba kinakaa juu ya mabawa, hukazi wala hulegezi. Mwanzoni mwa mwaka 1998 alianza kukonda na kukohoa. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa amehamia kwetu, kwenye chumba cha nyuma.

Bibi alimtengea sahani, kijiko na kikombe cha bati cha rangi ya buluu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kukiosha kikombe hicho kwenye mfereji wa nje na kukiweka dirishani, mbali na vikombe vingine. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina nyumbani. Kilichosemwa, na kusemwa kwa sauti ili majirani wasikie, ni kwamba njiwa ndio waliomtia kifua. "Ile mavi ya njiwa, kila siku anaifagia, anaivuta." Majirani waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa ni maelezo mazuri, kila mtu aliweza kuondoka nayo bila ya kuangalia chini.

Wiki zake za mwisho alilalamika kichwa, kichwa ambacho panado haikukigusa. Aliomba pazia lisifunguliwe. Shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Alifariki kabla ya Ramadhani, na kabla ya arobaini yake kuisha wakubwa walikuwa wameshapanda juu ya paa. Njiwa waliokamatika walichinjwa, kizimba kikachomwa moto. Wachache walioruka walirudi kila magharibi kwa siku kadhaa, wakikaa ukingoni mwa paa wakiangalia mahali pao palipokuwa.

Novemba mwaka uliofuata, Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Tuliisikia habari hiyo redioni tukiwa mezani. Mtu mmoja aliinuka akapunguza sauti.

Basi swali langu la mwaka jana lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Kiumbe anayebeba kitu cha kudhuru, asichokitaka wala asichokijua, anastahili kutendewa vipi?

Nilianza na maneno, maana kazi yangu ni ya maneno. Kiswahili cha vitabu kina neno la upole sana kwa viumbe hawa wanaoishi juu ya wengine: vimelea. Ndani yake mna kumea. Ni kitu kilichomea juu ya kingine, kama ukoka ukutani, na neno lenyewe halina lawama. Lakini tukitoka vitabuni tukarudi barazani, hakuna anayesema vimelea. Tuna kupe, chawa, kunguni, papasi, na kila moja limeshageuzwa kuwa la kumtukania mtu. Kupe ni anayekula jasho la mwenzake. Chawa, siku hizi, ni yule anayemganda mwanasiasa au mwanamuziki na kumsifu ili apate chochote. Hata siasa ya baada ya uhuru ilikopa huko: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipiga vita unyonyaji, na mnyonyaji akawa adui wa taifa.

Lakini sikiliza kitenzi chenyewe. Kunyonya. Kupe ananyonya, tajiri ananyonya, na mtoto mchanga ananyonya. Kitenzi ni kile kile, kwa mtoto pia. Anayenyonya kwa uovu na anayenyonya kwa haki wanafanya tendo lenye jina moja, na ni sisi tunaojua, kwa kuangalia nani ananyonya nani na kwa njia gani, lipi ni la kulaaniwa na lipi ni la kubusiwa. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu darini mwetu lilikuja kuwa na sura.

Usiku ule nilikaa na simu mpaka saa nane, nikisoma njiwa hasa anabeba nini.

Anabeba chawa, wa kwanza ni mwembamba, aitwaye Columbicola columbae, ambaye hujipenyeza katikati ya nyuzi za unyoya wa bawa ili mdomo wa njiwa usimfikie. Chawa huyu hali binadamu. Akianguka nje ya njiwa anakufa kwa njaa baada ya siku chache. Huhama kutoka kwa mzazi kwenda kwa kinda ndani ya kiota, au humdandia nzi na kusafiri naye kama mtu aliyening'inia mlangoni mwa matatu.

Nzi huyo naye ni kimelea. Ni bapa, anakwenda upande upande kama kaa, na ukijaribu kumponda kwa kidole anateleza. Ananyonya damu ya njiwa na kumwachia kiumbe kingine kidogo zaidi, Haemoproteus columbae, ndugu wa mbali wa kijidudu cha malaria. Mwaka 1906 huko Algeria ndugu wawili Wafaransa, Edmond na Étienne Sergent, walionyesha kwamba nzi huyu ndiye anayekihamisha kutoka njiwa hadi njiwa. Kwa binadamu hakiingii.

Kisha kuna utitiri, ule mwekundu ambao kila aliyefuga kuku anaujua. Mchana unajificha kwenye nyufa, usiku unatoka kunyonya. Huu ukikosa ndege humwuma mtu, na mtu hujikuna.

Njiwa mwenyewe hakai tu akaliwa. Anatumia muda mwingi wa siku kujichambua manyoya. Dale Clayton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah waligundua kwamba ile ncha ndogo ya mdomo wa juu inayopita mdomo wa chini, milimita moja au mbili tu, ndiyo silaha yake. Walipoikata, njiwa waliendelea kula kama kawaida, lakini chawa wao wakaongezeka sana. Yaani ndege huyu tunayemwita mchafu ana kifaa cha usafi mdomoni, na anakitumia kila siku kuliko baadhi yetu tunavyotumia mswaki.

Tena si ndege wa porini aliyeuvamia mji. Jina letu lenyewe linasema: njiwa manga. Manga ni Uarabuni, Omani hasa, kama ilivyo pilipili manga na komamanga. Ni ndege aliyeletwa, akafugwa, akaliwa, akatumwa barua, kisha vizimba vikaachwa wazi. Njiwa wa mijini duniani kote ni wajukuu wa mifugo. Majengo yetu ni majabali yake, makombo yetu ndiyo shamba lake. Tulimfanya atutegemee, halafu tukashangaa kumwona mlangoni.

Mwaka 2004 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, Daniel Haag-Wackernagel na Holger Moch, walichapisha hesabu yao. Njiwa wa mijini wamekutwa na aina 60 za viumbe vinavyoweza kumletea binadamu maradhi. Kati ya hizo, zilizothibitika kweli kupita kutoka kwa njiwa hadi kwa mtu ni 7. Kwa mtu mwenye afya, hatari ni ndogo mno. Nilikaribia kuzima simu nikalale nikiwa nimeridhika.

Lakini zile 7 nazo zina majina. Moja ni kuvu iitwayo Cryptococcus neoformans. Mwaka 1955 Mmarekani Chester Emmons aliikuta kwenye viota na mavi makavu ya njiwa. Njiwa mwenyewe kwa kawaida haumwi nayo, maana joto la mwili wake hupita nyuzi 40 na kuvu hii hailipendi. Inamea kwenye mavi, inakauka, inapeperuka na vumbi. Wengi wetu tunaivuta na hatujui. Ila ikimkuta mtu ambaye kinga yake imeanguka, kwa dawa za saratani au kwa virusi vya UKIMWI, inaweza kupanda hadi ubongoni na kuleta homa ya uti wa mgongo. Barani Afrika ni miongoni mwa vinavyoua zaidi watu waliofika hatua za mwisho za UKIMWI. Dalili zake: kichwa kisichosikia dawa, macho kuogopa mwanga, shingo kukakamaa.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Nikaliona lile pazia.

Hakuna aliyempima mjomba. Lakini nilielewa, saa nane ya usiku, kwamba uongo wa nyumbani kwetu huenda ulikuwa na ukweli ndani yake. Huenda kweli njiwa walikuwa na mkono. Na kitu kilichonisumbua ni kwamba jambo hilo halikuufanya uongo ule kuwa safi hata kidogo.

Hapa ndipo nilipoanza kuona tofauti ambayo kwa miaka yote hiyo sikuwa na jina lake. Kuwa sababu ni jambo moja, kuwa na hatia ni jambo jingine. Njiwa anaweza kuwa sababu. Mvua ni sababu ya mafuriko, na hakuna aliyeishtaki mvua. Hatia inahitaji mtu anayejua na anayeweza kufanya vingine. Sasa kwenye nyumba ile, mwaka 1998, nani alikuwa anajua na angeweza kufanya vingine? Njiwa hawakujua. Mjomba, nadhani, alijua nusu. Waliojua kuliko wote ni wale waliopunguza sauti. Tuliwachinja njiwa ili wabebe na hilo pia, juu ya mizigo yao mingine: aibu yetu. Kwa njiwa yule tulikuwa sisi vimelea.

Na kile kikombe je? Virusi vya UKIMWI havipiti kwenye kikombe. Havijawahi. Kukitenga hakukumkinga mtu yeyote. Wakati huo huo, kazi ya kufagia kizimba, iliyokuwa na hatari ya kweli kwa mtu wa hali yake, aliachiwa aifanye mwenyewe mpaka alipohamia kwetu, maana wengine waliona kinyaa. Angalia basi mpangilio wetu ulivyokuwa. Pale pasipo na njia ya ugonjwa kupita tuliweka ukuta. Pale penye njia tulimwacha mgonjwa peke yake.

Hivi ndivyo kinyaa kinavyofanya kazi. Sikidharau. Kimewaokoa wazee wetu na nyama mbovu na maji machafu tangu kabla ya darubini. Lakini kinyaa hakijui njia. Kinajua sura, harufu na uvumi tu. Mtu anayefuata kinyaa peke yake atamkwepa mgonjwa na kumkumbatia anayekohoa akiwa amevaa suti. Mwaka 2020 tuliyaona tena hayo kwenye majengo yetu, mtu akirudi kutoka karantini anakuta majirani wameshahamisha viatu vyao mlangoni.

Kwa hiyo nilijiwekea kanuni, na bado naiona inafaa: kabla ya kumfungia kiumbe mlango, nina wajibu wa kujua kile anachobeba kinapita wapi. Nikishajua, umbali unaweza kuwa haki, hata lazima. Nisipojua, umbali wangu ni dharau iliyovaa barakoa.

Asubuhi nilimwambia mama nitamwita fundi awatoe njiwa siku hiyo hiyo, makinda na wote. Sasa nilikuwa najua njia, na njia ilikuwa inapita juu ya kichwa chake.

"Makinda hayawezi kuruka," akasema.

"Mama, wewe ni bora kuliko makinda."

"Sikusema si bora. Nasema, yanahitaji siku ngapi?"

Kinda la njiwa hukaa kiotoni kama mwezi mmoja hivi. Haya, kwa hesabu yake ya alfajiri, yalikuwa na wiki moja.

"Basi mimi nakwenda Likoni kwa dada yako," mama akasema. "Mgonjwa ni mimi, anayeweza kupanda feri ni mimi."

Nilibishana naye. Nikamwambia watu watatucheka, mama mgonjwa amehamishwa kwa ajili ya njiwa. Na hapa nataka niseme kweli, kwa sababu insha za namna hii hupenda kumalizikia kwenye huruma. Kama dada yangu asingekuwa na chumba Likoni, ningewatoa wale makinda siku ile ile, na sidhani kama ningekuwa nimekosea. Maisha ya mama yalikuwa upande mmoja wa mizani. Huruma ni rahisi kwa mwenye chumba cha pili. Anayeishi chumba kimoja na mgonjwa wake, akaamua kuwaondoa njiwa, simwiti katili. Lakini sisi chumba tulikuwa nacho. Na mwenye nafasi ya kungoja akakataa kungoja, huyo hana kisingizio cha dhiki.

Mama akaondoka. Tulifunga dirisha la jikoni, tukaziba nyufa za dari kwa gundi ya karatasi, tukangoja.

Kila baada ya siku chache nilivaa barakoa, nikapanda ngazi na kuchungulia kwa tochi kupitia kifuniko cha dari. Niliona kitu ambacho mjomba alikuwa amenieleza na sikumwamini. Njiwa hunyonyesha. Baba na mama, wote wawili, hutengeneza maziwa mazito kwenye mfuko wa kooni na kuyatapika mdomoni mwa kinda. Homoni inayoyaleta ni prolaktini, ile ile inayoleta maziwa kwa mama zetu. Oscar Riddle, aliyeipa jina hilo miaka ya 30, aliitambua kwa kuangalia koo za njiwa.

Katika wiki ya pili kinda mmoja alianza kudhoofu. Mdomo wake ulikuwa haufungiki. Ndani yake kulikuwa na uvimbe wa manjano kama jibini. Ugonjwa huo nilikuwa nimeshausoma: unaletwa na kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae, na njia yake kuu kwa makinda ni maziwa yale yale. Mzazi anaweza kukibeba kooni maisha yake yote bila ya dalili, akakipitisha kwa mwanawe katika tendo la kumlisha. Kwetu sisi hakiji. Kwa kinda ni kifo, mara nyingi kwa sababu chakula hakipiti tena.

Wazazi waliendelea kumlisha mpaka siku ya mwisho. Kinda wa pili, aliyekunywa maziwa yale yale kutoka koo zile zile, alinenepa.

Nilikaa juu ya ngazi nikiwa na tochi, nikafikiri kwamba hapo hakuna mahali pa kuweka lawama. Ukitafuta mkosaji utampata nani? Upendo ulikuwa ndiyo njia. Na nikafikiri juu ya bibi yangu, ambaye kwa miaka mingi nilimweka kizimbani kwa sababu ya kikombe kile. Alikuwa ametupa alichokuwa nacho: chakula, dua, na hofu, vyote kwa kijiko kimoja. Tofauti ni kwamba njiwa hawezi kujua alicho nacho kooni. Sisi tunaweza. Ndiyo maana yeye hana hatia, na sisi, tukikataa kujua, tunayo.

Kinda aliyebaki aliruka katikati ya Aprili. Fundi alikuja siku ya pili. Nilimwambia anyunyizie mavi maji kwanza kabla ya kuyagusa, ili vumbi lisipande, nikampa barakoa na glavu. Alinicheka kidogo lakini akavaa. Akaziba matundu yote kwa waya wa kuku, akaniambia kazi imekwisha. Kiota kimoja, kule pembeni kabisa chini ya boriti, hakukifikia.

Usiku wa tatu nikaanza kuumwa. Vipele vidogo vyekundu kiunoni na mikononi, mimi na mke wangu na Salma, binti yetu. Utitiri. Ulikuwa umepoteza mwenyeji wake na una njaa, basi umeshuka kutafuta damu iliyokuwa karibu. Miaka yote ile njiwa walikuwa wamekaa kati yetu na utitiri ule, wakiulisha kwa damu yao, na sisi tukiwaita wachafu. Fundi alirudi, kiota kikatolewa, dawa ikapigwa, kwa gharama kubwa kuliko ile mia tano ya bawabu.

Nilimsimulia bawabu. Akasema ndiyo maana yeye alitaka kuwaua. Nikamwambia angewaua, wangeoza darini, na utitiri ungeshuka pale pale. Nikamwambia na habari za Basel, ambako kati ya mwaka 1961 na 1985 njiwa wapatao 100,000 waliuawa na idadi yao isipungue, kwa sababu chakula kilibaki na wengine wakaja kukila. Walipungua mji ulipoanza, mwaka 1988, kuwashawishi watu waache kuwatupia makombo. Bawabu alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza Basel ni wapi na kama wananunua njiwa.

Mama alirudi mwezi wa tano. Jambo la kwanza alilouliza ni makinda. Nilimwambia mmoja aliruka. Wa pili sikumficha.

Tulikaa barazani. Nilimwuliza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza: kama mjomba alijua kuhusu kikombe.

"Alijua," akasema. "Siku moja alinishika mkono akaniambia, nipe chai kwenye kikombe chako. Nikamwambia kimevunjika." Akanyamaza. "Kilikuwa kabatini."

Sikuwa na la kusema. Naye hakuwa akingoja niseme.

Siku hizi mama ana kikombe chake. Ni cheupe, kina maua, kinaoshwa peke yake kwa maji ya moto na kuwekwa juu ya rafu ambayo hakuna mwingine anayeigusa. Salma ndiye mwenye kazi hiyo. Ana miaka tisa. Wiki iliyopita alikuja kwangu na kikombe mkononi, ameukunja uso.

"Baba, kwani bibi ana nini, mpaka kikombe chake kiwekwe mbali na vyetu?"

Nilikaa chini ili tuwe kimo kimoja.

"Bibi hana kitu," nikamwambia. "Sisi ndio tuna vitu. Mafua, vijidudu vya mdomoni, vya mikononi. Sisi havitudhuru, yeye vinaweza kumdhuru. Tunamwekea mbali ili tusimletee."

Alifikiri kidogo. Kisha akakirudisha kikombe kwenye mfereji akakiosha tena, akaenda kukiweka mahali pake kwa mikono miwili.